Jezi Ya Pinki, Geti Limefungwa: Timu Ya Mtaani London Iliyobebwa Na Mashabiki Wake

Arsenal unaijua, Chelsea unaijua, hata Crystal Palace kila wikendi unaiweka kwenye mkeka. Sasa huko huko kusini mwa London, si mbali na hao Palace, kuna timu inaitwa Dulwich Hamlet. Ilianzishwa mwaka 1893, inavaa pinki na bluu iliyokolea, na haijawahi kucheza hata msimu mmoja kwenye zile ligi nne za juu za England. Yaani timu ya mtaani kabisa.

Ila usiicheke. Enzi hizo mpira wa ridhaa ulikuwa na heshima yake, na Hamlet walibeba Kombe la FA la timu za ridhaa mara 4: 1920, 1932, 1934 na 1937. Walikuwa na mshambuliaji wao mmoja hatari, aliyefunga zaidi ya mabao 400 na klabu hiyo hiyo. Mwaka 1929 akaitwa timu ya taifa ya England akiwa bado mchezaji wa ridhaa, na mechi yake ya kwanza, dhidi ya Ufaransa, akatupia mbili. Akabaki zake mtaani. Leo njia ya kuingilia uwanjani ina jina lake, na mashabiki waliozaliwa miaka mingi baada yake bado wanamuimba. Na Olimpiki ya 1948, Korea Kusini waliipiga Mexico 5-3 pale pale Champion Hill, uwanja wa Hamlet.

Halafu pesa ikaingia kwenye mpira, timu za ridhaa zikasahaulika. Uwanja wa zamani ukavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 90, ukajengwa mwingine mdogo, pembeni yake likasimama duka kubwa la supamaketi. Mwaka 2001 wakashuka daraja, wakasota huko chini mpaka 2013. Jukwaani wazee wachache na mbwa wao, basi.

Kilichobadilisha mambo ni vijana. Kiingilio nafuu, unasimama unapotaka, bia yako mkononi, skafu ya pinki shingoni (ndiyo, kuna waliokuja kwa ajili ya picha tu, tuseme ukweli). Lakini walikuja, na wakarudi tena wiki iliyofuata. Kutoka mamia wakafika maelfu.

Tatizo likawa ardhi. Kiwanja London ni dhahabu, na mwenye eneo alitaka kujenga nyumba. Mvutano wa vibali na kodi ukawa mrefu, pesa ya kulipa wachezaji ikawa shida, mashabiki wakaanza kuchangishana. Machi 2018 klabu ikatolewa uwanjani. Kama hiyo haitoshi, ikapewa barua kwamba jina lake limeshasajiliwa kama alama ya biashara ya mtu mwingine. Hebu fikiria, timu yenye miaka 125 inaambiwa isijiite kwa jina lake! Kelele zilipozidi, jina likarudishwa. Uwanja, hapana.

Hamlet wakahamia kwa majirani zao Tooting & Mitcham, watani wao wa siku nyingi. Ni kama Yanga waende kuomba hifadhi kwa Simba. Mashabiki wakafuata, wakalipa kiingilio kwenye uwanja wa watu, wakaandamana, wakaendelea kuchanga. Na msimu huo huo wa kuhangaika, Mei 7, 2018, timu isiyo na nyumba ikaitoa Hendon kwa penalti kwenye fainali ya mtoano na kupanda mpaka daraja la sita. Watu wazima walilia.

Desemba 26, 2018 geti la Champion Hill likafunguliwa, pakajaa.

Sasa usidhani hadithi iliishia kwenye sherehe. Mwaka 2023 Hamlet wakashuka tena, na kesi ya uwanja mpya imekuwa ya kupigwa danadana miaka nenda rudi. Mashabiki hawajakimbia. Hata huko chini wanajaza kuliko wapinzani wao karibu wote. Na bado wana ule utaratibu wao: kipindi cha kwanza wanasimama nyuma ya goli ambalo Hamlet wanashambulia, mapumziko yakifika kundi zima linabeba bia zake, linazunguka uwanja taratibu, linaenda kusimama nyuma ya goli la pili.