Mei 2008: mwezi ambao tarakilishi za AMD zilikataa kuwaka

Nimepotea kidogo, kazi zilinizidi. Kilichonirudisha leo ni simu ya shangazi yangu. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo mashine yake inamsumbua apande hadi Windows 11. Kila siku anabofya "baadaye". Nilipomuuliza anaogopa nini, akaniambia, "Wewe ulikuwa mdogo. Mimi nakumbuka 2008."

Kwa kweli hata mimi nakumbuka, ingawa nilikuwa bado shule ya msingi. Tarakilishi yake ya nyumbani ilisasishwa jioni, na asubuhi ikawa inawaka, inazima, inawaka tena, bila kufika popote. Fundi akaitwa. Akaitazama kwa dakika kama tano, akasema dawa ni moja tu: fomati. Hesabu za chama za miaka mitatu zikaenda, na picha za harusi pia. Kina mama wa chama walikaa sebuleni Jumapili mbili mfululizo wakijenga upya hesabu kutoka kwa vijitabu na risiti, na si wote walikubaliana nani alikuwa amelipa nini. Chanzo cha ule ugonjwa hakikuwahi kutafutwa. Kikafutwa pamoja na faili.

Mashine ya shangazi ilikuwa na mambo yake, siwezi kuipima leo. Lakini mwaka huo huo kulitokea kisa kikubwa cha aina hiyo hiyo, na hicho kilichunguzwa mpaka mzizi wake ukaonekana. Ndicho nataka kuwasimulia.

Windows XP ilianza kuuzwa Oktoba 2001. Kufikia 2008 ilikuwa mzee kwa umri wa kompyuta, ila mzee aliyependwa. Vista, iliyoletwa Januari 2007 imrithi, ilitaka kumbukumbu nyingi na mashine mpya, na watu wengi waliamua kubaki na XP yao. Microsoft nayo ilikuwa imeshatangaza kwamba itaacha kuisambaza XP madukani na kwa watengenezaji wakubwa wa kompyuta tarehe 30 Juni 2008. Kwa hiyo Service Pack 3, kifurushi cha tatu cha masasisho ya XP, ilingojewa kama chakula cha mwisho kabla ya safari. Ilikamilika 21 Aprili. Ilikuwa itolewe kwa umma 29 Aprili, ikazuiliwa dakika za mwisho kwa sababu iligundulika inagombana na Dynamics RMS, programu ya kuendesha maduka ambayo ni ya Microsoft wenyewe! Ikatoka tarehe 6 Mei.

Ndani ya siku chache vilio vikaanza. Mtu anasakinisha SP3, inamaliza vizuri, inaomba kuwasha upya. Anakubali. Nembo ya Windows inatokea, skrini ya samawati inamweka kwa nukta moja, mashine inajizima na kuanza tena. Nembo, samawati, giza. Nembo, samawati, giza. Unaweza kwenda kupika ugali na kurudi, utaikuta bado inazunguka.

Hapa kuna jambo ambalo mimi kama mtu wa programu linaniudhi mpaka leo. Ile skrini ya samawati ilikuwa na habari muhimu, namba ya kosa, 0x0000007E. Lakini XP ilikuwa imepangwa tangu mwanzo ijiwashe upya yenyewe kila inapoanguka, kwa hiyo ujumbe ulipita kabla jicho halijausoma. Mashine ilikuwa inasema inaumwa wapi, halafu inajiziba mdomo. Dawa yake ilikuwepo: ukibonyeza F8 wakati wa kuwaka, menyu ina chaguo la kuzuia kule kujiwasha upya baada ya kuanguka. Ni wangapi walijua?

Walioisoma namba ile na kulinganisha mashine zao waliona kitu kimoja. Nyingi zilikuwa na prosesa za AMD, na nyingi zilikuwa zimetengenezwa na HP. Aliyeandika kwa kina zaidi ni Jesper Johansson, mtu aliyewahi kufanya kazi ya usalama Microsoft. Alichoeleza ni hiki.

Kiwanda kinachouza maelfu ya kompyuta hakikai kusakinisha Windows moja baada ya nyingine. Kinatengeneza diski mama moja, kila kitu kikiwa tayari, kisha kinainakili kwenye diski zote. HP walitumia diski mama moja kwa mashine za Intel na za AMD pamoja. Ndani yake mlikuwa na draiva iitwayo intelppm.sys, kazi yake kusimamia matumizi ya umeme ya prosesa za Intel. Kwenye mashine ya AMD haina kazi kabisa. Ilinakiliwa tu, ikakaa humo kimya kama mgeni aliyelala chumba cha nyuma, na mwenye nyumba hana habari. Baada ya SP3, mashine ilipowaka, draiva ile ikaitwa kazini. Ikakuta prosesa si yake, ikaanguka, na ikaangusha mfumo mzima.

Kwa hiyo kosa halikuzaliwa siku ya kusasisha. Lilizaliwa kiwandani, pengine miaka miwili au mitatu kabla, na SP3 ililiamsha tu. Tena halikuwa geni! Microsoft walikuwa na maelezo yake tangu enzi za SP2 ya 2004: ukitengeneza diski mama kwenye mashine ya Intel kisha uinakili kwenye prosesa isiyo ya Intel, utapata kosa hilo hilo.

Na tiba? Namba moja. Katika rejista ya Windows kila draiva ina thamani iitwayo Start, inayoeleza iitwe lini: 0, 1 na 2 huitwa mashine inapowaka, kila moja kwa hatua yake, 3 huitwa ikihitajika, 4 haiitwi kamwe. Unaingia kwa Safe Mode, ambako draiva ile haipakiwi na kwa hiyo mashine inawaka vizuri, unafungua rejista, unafika kwenye Services, kisha intelppm, unaweka Start iwe 4. Basi. Au unaandika amri hii:

sc config intelppm start= disabled

(Angalia nafasi baada ya alama ya sawasawa. Ukiiacha, amri inakataa. Nani alibuni hivyo, Mungu anajua.) Aliye na CD ya XP aliweza kuingia Recovery Console na kuandika disable intelppm. Dakika kumi, na hakuna faili inayopotea.

Sasa linganisha na fomati. Kompyuta nyingi za wakati huo zilikuja bila CD, zikiwa na sehemu iliyofichwa ndani ya diski ya kuirudisha mashine ilivyotoka kiwandani. Ilivyotoka kiwandani maana yake na ile draiva ya Intel ndani! Mtu anapoteza hesabu na picha zake zote, mashine inawaka, anashukuru, anasakinisha SP3 tena, na mzunguko unarudi pale pale. Amelipia fundi ili arudishiwe kosa lile lile.

HP walitoa kiraka chao mwezi huo huo wa Mei, na Johansson alitoa hati ndogo ya kukagua mashine na kuizima draiva kabla hujasakinisha. Lakini fikiria hali yetu hapa Kenya. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika 2009. Mwaka 2008 mtandao wetu ulitegemea setilaiti. Faili kamili ya SP3 ilikuwa megabaiti 316. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, hata ikienda kasi yake yote bila kukatika, hiyo ni saa kumi na mbili na nusu. Nani angengoja? Faili ilipakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, ikasafiri kwa CD na flashi. Onyo lolote lililowekwa upande wa mtandao halikusafiri nayo.

Kulikuwa na kioja kingine kwenye wimbi hilo hilo. Baadhi ya wenye ubao mama fulani wa Asus, nao wa AMD, walipata kosa tofauti, 0x000000A5, na wakagundua mashine inawaka ikiwa tu flashi imechomekwa. Hata kama ni tupu.

Oktoba 2009 ikaja Windows 7, na waliokuwa wakipanda kutoka Vista wengine walikwama kwenye asilimia 62. Safari hii kulikuwa na tofauti mbili nzuri. Usakinishaji ulikuwa unaandika kumbukumbu ya hatua zake kwenye faili ya setupact.log, na ukiwasha upya ungeweza kurudi kwa Vista yako. Ile faili ilimtaja mhusika, huduma ya mtandao iliyokuwa haijibu, na dawa ilikuwa kuongeza kigezo kimoja, MIG_UPGRADE_IGNORE_PLUGINS, chenye thamani IphlpsvcMigPlugin.dll. Jina baya, lakini lilifanya kazi.

Jumamosi nilienda kwa shangazi. Kwanza nilinakili hesabu za chama kwenye flashi mbili, moja akapewa mweka hazina. Nikahakikisha mashine ina TPM 2.0 na prosesa inayokubalika, nikachaji betri, nikabofya. Ilichukua kama saa moja na nusu, naye hakuondoka kwenye kiti hata mara moja. Nikamwonyesha folda ya Windows.old, mfumo wake wa zamani ukiwa mzima, na kwamba ana siku kumi za kurudi nyuma asiporidhika. Amezungushia siku ya kumi kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, na ameniambia niwe nyumbani kwake siku hiyo asubuhi.