Kikopo chenye picha ya zeituni

Neno siagi kwetu limebeba mzigo usio wake. Mtoto akitumwa dukani kununua siagi anarudi na Blue Band, na hakuna anayemgombeza. Ile ni majarini, mafuta ya mimea yaliyogandishwa. Siagi yenyewe, ya maziwa, wengi wetu tulikuja kuifahamu ukubwani. Kwa hiyo daktari alipomwambia baba apunguze siagi kwa sababu ya lehemu, nyumbani tulijadili kwanza ni siagi ipi. Dada akamaliza ubishi kwa kuleta kikopo cha kijani chenye picha ya zeituni. Mimi nikasoma lebo, na lebo ikanipeleka mbali.

Majarini ilizaliwa Ufaransa mwaka 1869. Kaizari Napoleon III alitaka kitu cha bei nafuu cha kushika nafasi ya siagi, kwa ajili ya wanajeshi na watu wa kipato cha chini. Mkemia Hippolyte Mège-Mouriès akachanganya mafuta ya ng'ombe na maziwa, akapata hataza yake. Afya haikuwamo kwenye hesabu. Hata wafugaji wa Marekani walipoipiga vita, waligombania soko na rangi: baadhi ya majimbo yaliamuru majarini itiwe rangi ya waridi ili mlaji aione kinyaa, hadi Mahakama Kuu ilipolikataa jambo hilo mwaka 1898. Wisconsin ilizuia majarini ya njano mpaka 1967!

Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kugandisha mafuta ya maji kwa kuyapitishia hidrojeni. Kuanzia hapo karibu mafuta yoyote, hata ya nyangumi, yangeweza kupakwa kwenye mkate. Karanga nazo zikaingia, na karanga zikawaleta Waingereza Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa bado inakula kwa mgawo, na mafuta yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyoadimika. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, watengenezaji wakubwa wa majarini, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika. Mpango ukakubaliwa: ekari 3,210,000, pauni milioni 25. Matrekta yalikuja, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Kongwa ina mibuyu ambayo buldoza haiing'oi kwa urahisi, na udongo wa mfinyanzi ambao kiangazi huukausha ukawa kama saruji. Karanga hukomaa chini ya ardhi, kwa hiyo hata zilizozaa zilikuwa shida kuchimbua. Mvua nazo hazikutosha. Wagogo wamelima mtama na uwele pale kwa vizazi, mazao yanayovumilia ukame. Nikisoma habari za mradi huu naona wataalamu walihesabu ekari kwa uangalifu mkubwa kuliko walivyohesabu mvua. Mwaka 1951 mpango ulitelekezwa, zaidi ya pauni milioni 35 zikiwa zimepotea.

Afya ilikuja baadaye. Siagi ya maziwa iliposhukiwa kuziba mishipa, majarini ikapanda cheo, ikawa rafiki wa moyo. Kisha mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi, Mensink na Katan, wakaonyesha kwamba mafuta ya transi, yanayotokea mafuta yanapogandishwa nusunusu kwa hidrojeni, hupandisha lehemu mbaya na kushusha ile nzuri. Kilichopendekezwa kama dawa kilikuwa na sumu yake. Viwanda vingi vikabadili mapishi, na zeituni ikapata nafasi kwenye kifuniko. Sifa ilikuwa nayo tayari: utafiti wa Ancel Keys, ulioanza mwaka 1958 katika nchi saba, uliwakuta watu wa Krete wakila mafuta ya zeituni kwa wingi na wakiugua moyo kwa nadra.

Lakini watu wa Krete walikula mafuta yenyewe. Kwenye kikopo cha dada, zeituni ilikuwa asilimia 16. Kilichobaki kilikuwa alizeti, mawese ya kushikilia umbo, maji na chumvi. Bado nilimwambia baba apake hicho. Kina mafuta mazito machache kuliko siagi ya maziwa, hakina transi, na kubadilisha mafuta mazito kwa mepesi hushusha lehemu kweli. Ninachokataa ni bei ya picha. Sehemu kubwa ya faida ile inatoka kwenye alizeti, ambayo haikupewa hata ua moja kwenye kifuniko.

Na alizeti tunayo. Mkoa wa Dodoma, ambamo Kongwa imo, pamoja na jirani yake Singida, ndiko inakolimwa sana, mingi katika mashamba madogo ya familia. Ukipita barabara kuu utaona madumu ya mafuta yake yamepangwa juani, ya njano, bila lebo.