Dumuzi: Historia ya Kutambuliwa kwa Mgeni wa Ghalani

Katika miaka ya mwisho ya 1970, wakulima wa mkoa wa Tabora, magharibi ya Tanzania, waliozoea tangu zama za babu zao kuyaweka mahindi katika vihenge yakiwa bado kwenye magunzi yake, na kuyateremsha kidogo kidogo kwa kadiri ya haja ya nyumba mpaka mavuno mengine yalipowadia, walianza kuona jambo ambalo wazee hawakupata kulisimulia. Gunzi lililowekwa zima, baada ya miezi michache tu, lilitoka limetobolewa tundu kwa tundu, punje zimebaki maganda matupu, na ukilitikisa mkononi ulimwagika unga, kana kwamba kinu kimepita usiku ndani ya ghala kikafanya kazi ambayo hakikutumwa.

Wadudu wa nafaka hawakuwa wageni kwa watu hawa. Fukusi, yule mbawakawa mdogo mwenye pua ndefu iliyopinda na madoa manne hafifu mgongoni, ni mwenzi wa kale wa kila ghala la Afrika ya Mashariki, na mkulima aliyemkuta katika mahindi yake alisikitika bila ya kufadhaika, kwani kadiri ya hasara yake ilijulikana, na njia za kumpunguza, kwa majivu, kwa moshi wa jikoni, au kwa dawa ya duka, zilijulikana pia. Huyu wa sasa hakuwa na pua ile, wala hakuwa na kiasi. Alikula mahindi, akala makopa ya muhogo, na alipoyamaliza hayo akatoboa hata miti iliyojengewa kihenge. Watu wakamwita dumuzi. Wengine, kwa nguvu zake za kubomoa, wakampa jina la lori, Scania.

Mwaka 1981 ndipo Dunstan na Magazini walipotangaza, katika jarida la ulinzi wa mimea la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwamba mdudu wa Tabora ni Prostephanus truncatus, kiumbe wa Mexico na Amerika ya Kati, ambaye kabla ya hapo hakuwa amepata kujulikana kuwa amefanya makao katika bara la Afrika. Taarifa yenyewe ni fupi, na msomaji asiye na shughuli na elimu ya wadudu angeweza kuipita bila ya kusita. Lakini kwa rai yangu ni miongoni mwa maandishi yenye manufaa makubwa kabisa yaliyopata kuandikwa juu ya chakula cha nchi hii, kwa kuwa siku ile msiba usio na jina ulipata jina, na kwa jina lile ukafunguka mlango wa yote yaliyokwisha kuandikwa juu ya kiumbe huyo kwa muda wa miaka 100 na zaidi.

Maana jina lilikuwako tayari, likingoja. George Henry Horn, aliyezaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1840, alikuwa tabibu kwa kazi yake. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo alitumikia jeshi kama daktari wa askari wa kujitolea wa California, na wasaa aliojaaliwa kati ya majeruhi mmoja na mwingine aliutumia kuokota mbawakawa wa majangwa na milima ya huko. Aliporejea kwao aliendelea kutibu wagonjwa na kuandika habari za wadudu mpaka alipofariki mwaka 1897. Mwaka 1878, katika kuzipanga upya jamii za mbawakawa watoboaji wa miti, ndipo alipomweleza mdudu wetu kwa mara ya kwanza, akampa jina la Dinoderus truncatus. Miaka 20 baadaye Pierre Lesne wa Paris, mwanachuoni aliyeishughulikia aila ile ya watoboaji, Bostrichidae, kwa sehemu kubwa ya umri wake, alimtazama tena, akaona kwamba hastahili kukaa pamoja na Dinoderus wengine, akamfanyia jenasi yake, Prostephanus. Mwaka 1911 Chittenden, wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, akaandika habari zake kama mharibifu wa mahindi yaliyohifadhiwa. Hakuna hata mmoja katika hawa watatu aliyekuwa na Tabora moyoni mwake. Kila mmoja alikuwa akitimiza wajibu mmoja tu, nao ni kuhakikisha kwamba kiumbe huyu hatachanganywa na kiumbe mwingine.

Na kuchanganywa ni rahisi mno. Mtwae dumuzi mmoja umweke juu ya karatasi nyeupe, ukamtazame kwanza kwa macho matupu: utaona kitu cha rangi ya kahawia iliyoiva, kirefu cha mviringo, chenye urefu wa milimita 3 hadi 4 na nusu, na utadhani kwamba hana kichwa. Kichwa anacho, ila kimeinama chini ya gamba la kifua, hata hakionekani kwa mwenye kumtazama kutoka juu. Kwa alama hiyo fukusi ametoka katika hesabu, kwani pua yake haifichiki. Ametoka pia yule mdudu mwekundu bapa wa unga. Lakini wamebaki jamaa zake wa aila moja, nao wote wameinamisha vichwa kama yeye. Yuko Rhyzopertha dominica, mtoboaji mdogo wa nafaka, aliyeenea duniani kote. Na yuko Dinoderus minutus, mtoboaji wa mianzi, ambaye naye huonekana katika makopa. Hapo jicho peke yake halitoshi, na lazima itwaliwe lenzi.

Chini ya lenzi mgeuze mdudu utazame mwisho wa mabawa yake magumu. Mabawa ya yule mdogo, Rhyzopertha, ambaye urefu wake haupiti milimita 3, huteremka kwa upole na kumalizika kwa mviringo. Ya yule wa mianzi nayo huteremka vivyo hivyo, na juu ya gamba la kifua chake, karibu na kiungo, vimo vishimo viwili vidogo visivyo na kina. Ya dumuzi yamekatika ghafla: mgongo unakwenda sawasawa, kisha unaporomoka wima, na uso wa poromoko hilo ni bapa, umejaa vinundu vidogo vidogo vinavyoparuza. Vipapasio vyake vina vipande 10, na vitatu vya mwisho vimevimba vikafanya rungu. Mwenye kuziona alama hizi mara moja kwa utulivu hazisahau tena. Na msichana wa shule aliyepewa lenzi ya bei nafuu na mwalimu mwenye subira aweza kuzijua katika asubuhi moja. Naona huzuni kwamba elimu nyepesi namna hii, yenye manufaa ya moja kwa moja kwa jungu la nyumbani kwao, hufundishwa kwa nadra.

Tofauti hizo za nusu milimita zilikuwa na thamani gani, hilo lilidhihirika katika dawa. Dawa za jamii ya malathioni na pirimifosi, ambazo humwua fukusi, zilikuwa dhaifu kwa dumuzi; na permetrini, ambayo humwua dumuzi kwa kiasi kidogo sana, ilikuwa dhaifu kwa fukusi. Mkulima aliyemdhania mmoja kuwa mwenzake alikuwa akitoa fedha zake kununua unga wa dawa usiomfaa, na kihenge kikaendelea kuteketea. Baada ya mgeni kutambulikana, ndipo zilipochanganywa dawa mbili katika unga mmoja, pirimifosi kwa ajili ya fukusi na permetrini kwa ajili ya dumuzi, ukasambazwa nchini kwa jina la Actellic Super. Pamoja na dawa likaja shauri jingine lililotokana na tabia za mdudu mwenyewe: kwamba dumuzi hustawi zaidi punje zikiwa zimeshikamana kwenye gunzi, ambako hupata pa kujiegemeza anapotoboa, kuliko zikiwa zimelegea guniani, kwa hiyo mahindi yapukuchuliwe kwanza, kisha yachanganywe na dawa. Shauri hilo si dogo kwa aila iliyozoea kuweka magunzi, kwani kupukuchua mavuno yote kwa mara moja ni kazi ya mikono mingi, na aghalabu mikono hiyo ni ya wanawake na watoto. Lilikubaliwa hivyo hivyo, kwa sababu hasara ilikuwa haivumiliki: uchunguzi wa miaka ile nchini Tanzania ulikuta mahindi yaliyopoteza hata asilimia 34 ya uzito wake baada ya miezi michache ya kuhifadhiwa, na katika majaribio ya muhogo mkavu zaidi ya nusu ya uzito ilitoweka kwa miezi 4.

Siri ya wepesi wa maangamizi hayo imo katika maumbile yake. Katika joto la nyuzi 32 na hewa yenye unyevu wa kutosha, yai huwa mdudu kamili kwa muda wa siku 25 hivi. Jike hutoboa vichochoro pembeni mwa njia kuu ndani ya punje, akataga humo, na mabuu hulelewa katika unga ule ule uliotokana na utoboaji. Wala ukavu haumzuii: nafaka iliyokaushwa hata ikabaki na unyevu wa asilimia 9, ambayo fukusi huiona dhiki, yeye huistahimili.

Wengi wanaamini kwamba aliletwa katika shehena za mahindi kutoka bara la Amerika, na hapana ajabu, kwa kuwa mdudu wa milimita 4 hapimwi mizani wala haandikwi katika hati za bandarini. Alipokwisha kufika, alisafiri na nafaka kwa njia za biashara. Mwaka 1983 alionekana Taveta, Kenya. Mwaka 1984 akawa yuko Burundi. Na mwaka huo huo akaonekana Togo, upande wa pili wa bara, ambako inaelekea alifika kwa safari nyingine isiyohusiana na ya Tabora. Katika miaka ya 1990 Malawi, Rwanda, Zambia na Uganda zikaingia katika orodha.

Kwa muda wa miaka kadhaa watu walimdhania kuwa kiumbe wa ghala peke yake. Ithibati ya kinyume ilikuja kwa njia ya harufu. Dume la dumuzi linapopata chakula kizuri hutoa harufu ya kuwaita wenzake, waume kwa wake. Wanakemia waliichambua katika miaka ya 1980, wakaitengeneza kwa mikono yao, ikatiwa katika mitego. Mitego hiyo ilipotundikwa maporini, huko Mexico na baadaye Kenya, mbali na mashamba na vihenge, ilinasa dumuzi kwa wingi. Hapo ilikumbukwa kwamba aila yake ni aila ya watoboaji wa miti, na kwamba vijiti vikavu vya msituni ni maskani yake ya asili kabla ya mahindi. Basi hata kama kila ghala la nchi lingetiwa dawa kwa siku moja, pori lingebaki na akiba ya kumrudisha.

Ndipo nadhari ilipoelekezwa kwa adui yake. Katika mitego ya Amerika ya Kati alikuwa akinaswa pia mbawakawa mweusi mdogo wa aila nyingine, Teretriosoma nigrescens, ambaye siku hizi huwekwa katika jenasi Teretrius: huyu huifuata harufu ile ile ya dume la dumuzi, akaingia katika vichochoro vyake, akala mayai na mabuu. Baada ya kuchunguzwa kwa makini ili kuhakikisha kwamba yeye mwenyewe hatakuwa baa jipya, aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Katika nyanda za chini zenye joto amefanya makao na kuwapunguza dumuzi. Katika nyanda za juu zenye baridi hakustawi kwa kiasi hicho, na huko mkulima anaendelea kutegemea kupukuchua mapema, kukausha sawasawa, kutia dawa ya mchanganyiko au kuziba nafaka katika mifuko isiyopitisha hewa, na kuitazama nafaka yake kila mwezi, akiona unga chini ya gunia auchekeche apate kumwona aliyemo.