Bunduki Iliyogeuzwa Chusa

Ukitaja mtu aliyeishi peke yake mbali na watu akajitosheleza kwa kila kitu, hukawii kutajiwa Alexander Selkirk, baharia wa Uskoti aliyekaa miaka minne na miezi minne kwenye visiwa vya Juan Fernández, zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani ya Chile. Kwao Lower Largo alisimamishiwa sanamu mwaka 1885. Mwaka 1966 serikali ya Chile ilikipa kisiwa alichoishi jina la Robinson Crusoe, shujaa wa riwaya ya Daniel Defoe ya 1719, na kisiwa jirani ikakipa jina la Selkirk mwenyewe. Kesi ikafungwa. Mimi naona ilifungwa mapema, kwa sababu kipo kitabu cha safari cha William Dampier, kilichochapishwa mwaka 1697, Selkirk hajatia mguu kisiwani, na ndani yake mna mtu mwingine.

Waingereza walimwita Will. Hilo si jina alilopewa na mamake. Alikuwa Mmiskito, wa pwani ambayo leo ni Nicaragua na Honduras, na maharamia wa Kiingereza walipenda kuwachukua Wamiskito melini kwa ajili ya chusa zao. Dampier anasema mmoja au wawili tu waliweza kulisha mabaharia mia kwa kasa na nguva. Wavuvi wetu wa Lamu na Pemba wangewatambua watu hao bila mkalimani.

Januari 1681, maharamia wakiwa wametia nanga kwenye kisiwa kilekile ambacho baadaye kingekuwa cha Selkirk, meli za Kihispania zilitokea ghafla, wakang'oa nanga. Will alikuwa msituni akiwinda mbuzi. Aliporudi pwani, bahari ilikuwa tupu. Alikuwa na bunduki, kisu, pembe ndogo ya baruti na risasi chache.

Hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Baruti ilipokwisha, bunduki ile ilikuwa gongo tu. Will akakitia kisu chake mapengo mapengo kikawa msumeno, akaanza kuukata mtutu vipandevipande. Moto aliupata kwa kugonga jiwe la bunduki kwenye kipande cha mtutu alichokwisha kukikomaza. Chuma kikishaiva, alikifua kwa mawe, akakikata kwa msumeno wake, akakinoa kwa saa nyingi mpaka kikatoa makali. Hakuwa na fuawe wala mivuo. Humo zikatoka chusa, mikuki, ndoana na kisu kirefu. Kabla ya ndoana alikuwa akila nyama ya sili, chakula asichokipenda. Alipopata ndoana aliwaua sili kwa ajili ya ngozi tu, akizichana kuwa mishipi ya kuvulia. Nyumba yake, karibu nusu maili kutoka baharini, aliitandaza ngozi za mbuzi ndani, na kitanda chake kilikuwa uchaga wa fito, futi mbili kutoka chini. Nguo zilimwishia, akabaki na ngozi kiunoni. Wahispania walijua kwamba kuna mtu ameachwa, wakamsaka mara kadhaa. Hawakumpata.

Selkirk alishuka mwaka 1704 kwa hiari, baada ya kugombana na nahodha wake kuhusu meli aliyoiona mbovu. Na kweli ilikuja kuzama. Alishuka na nguo, matandiko, bunduki, baruti, risasi, shoka, kisu, birika, Biblia na vyombo vya unahodha. Mwaka 2005 watafiti David Caldwell na Daisuke Takahashi walichimba sehemu ya kisiwa iitwayo Aguas Buenas wakapata kipande kidogo cha bikari ya baharini, ambacho wanaamini kilikuwa chake. Sina ugomvi nao. Wala siudharau uhodari wa Selkirk: baruti ilipomwishia aliwakimbiza mbuzi kwa miguu mpaka akawashika, na moto aliupekecha kwa vijiti viwili vya mti wa kisiwani, kama babu zetu walivyofanya kwa ulindi.

Ninalolikataa ni hoja moja, na kwa bahati mbaya mwanzilishi wake ni Dampier yuleyule. Baada ya kuusimulia ufundi wa Will kwa mshangao, anageuka na kusema si ajabu sana, maana Wamiskito kwao hutengeneza zana zao bila karakana. Basi likifanywa na Selkirk ni ushujaa wa mtu, likifanywa na Will ni desturi ya kabila! Na bado ukurasa uleule unakiri kwamba kukomaza chuma alijifunza kwa Waingereza. Alichanganya elimu mbili na kutoa zana ambazo hakuna aliyemfundisha kuzitengeneza kutokana na mtutu wa bunduki. Huo mimi nauita ugunduzi.

Tena neno lenyewe kujitegemea, tulilolikariri shuleni hadi likachakaa, hapa lipimwe kwa makini. Mbuzi waliowalisha wote wawili hawakuwa wa porini asilia. Waliletwa na Wahispania.

Kuhusu Defoe nitasema kidogo. Mmiskito wa kwanza kuruka kutoka mashuani siku Will alipookolewa aliitwa Robin, na natamani mno kuamini kwamba Robinson alitokana naye. Ushahidi sina, kwa hiyo naliacha.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa Machi 1684. Dampier alikuwamo melini, kama alivyokuwamo mwaka 1681, na kama atakavyokuwamo tena Februari 1709, akiwa rubani wa nahodha Woodes Rogers, Selkirk alipochukuliwa. Will aliiona meli siku moja kabla haijatia nanga. Akaitambua kuwa ya Waingereza, wale wale waliomwacha, na asubuhi akachinja mbuzi watatu akawapika pamoja na vilele vichanga vya miti ya jamii ya mnazi, wageni wasikute jiko baridi. Robin aliporuka ufukoni alimkimbilia Mmiskito mwenzake, akajitupa kifudifudi miguuni pake. Will akamwinua, akamkumbatia, kisha naye akalala kifudifudi miguuni pa Robin mpaka Robin akamwinua. Waliyoambiana kwa lugha yao hayakuandikwa. Waingereza walisimama wakitazama, na heshima zile zilipokwisha, mmoja mmoja wakasogea nao kumkumbatia.