Mkarafuu ni wa Nani? Historia Fupi ya Amri za Kupanda na Kukata Miti Unguja na Pemba

Wanafunzi wetu hapa Uganda wanaposoma riwaya za Kiswahili zilizoandikwa na Wazanzibari, aghalabu hukwama mahali pamoja. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) na katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978), shamba ndicho chanzo cha ugomvi, utajiri na umwagaji damu. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu mali kwa ekari au kwa maili za mraba huuliza: shamba hilo lina ukubwa gani? Swali hilo si baya, lakini silo ambalo Mzanzibari wa zamani angeliuliza kwanza. Yeye angeliuliza: lina mikarafuu mingapi?

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi watawala wa Unguja na Pemba, kwa muda wa karibu miaka mia mbili, walivyotoa amri juu ya miti iliyoota katika mashamba ya watu. Tunaamini kwamba mwalimu akiijua historia hii ataweza kuifundisha fasihi hiyo vizuri zaidi. Aidha, swali lenyewe, yaani kama mtu ana haki ya kuukata mti alioupanda mwenyewe, linatuhusu hata sisi tulio mbali na bahari.

Amri ya kupanda

Mkarafuu si mti wa asili wa Zanzibar. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Kutoka huko Wafaransa waliufikisha katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka visiwa hivyo ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa sana kwa kuuleta ni Saleh bin Haramil, Mwarabu kutoka Oman, na mashamba ya mwanzo yalikuwa Mtoni na Kizimbani.

Seyyid Said bin Sultan, aliyekuja kuifanya Unguja makao yake makuu, aliiona faida ya zao hili mapema. Wanahistoria wanasimulia kwamba aliwaamuru wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na kwamba aliyekaidi angeweza kunyang'anywa shamba lake. Hapo ndipo historia yetu inapoanzia. Amri hii haikuwa ya kukata. Ilikuwa ya kupanda. Hata hivyo, msingi wake ndio uleule wa amri zilizofuata baadaye: shamba ni lako, lakini mti utakaoota humo ni shauri la mtawala.

Amri hiyo ilizaa matunda kupita kiasi. Kabla Seyyid Said hajafariki mwaka 1856, karafuu zilikuwa zimejaa sokoni na bei ilikuwa imeanguka. Kisha, mwezi wa Aprili 1872, kimbunga kikubwa kiliikumba Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu hasa. Tusisahau pia kwamba kazi yote hiyo ya kupanda, kupalilia na kuchuma ilifanywa na watumwa. Hukumu ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897, miaka saba baada ya visiwa hivi kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza.

Mti mbali, ardhi mbali

Sasa tufikie jambo ambalo wanafunzi wetu huliona geni. Katika desturi za wenyeji wa Unguja na Pemba, kumiliki ardhi ni jambo moja na kumiliki mti ni jambo lingine. Mtu anaweza kuwa na minazi yake katika ardhi ya ukoo wa wengine, akairithisha, akaiweka rehani au hata akaiwekea wakfu, bila udongo uliobeba minazi hiyo kuwa mali yake. Thamani ya shamba ilitajwa kwa idadi ya miti. Warithi waligawana miti.

Kutokana na desturi hiyo ilizuka kanuni ambayo haikuhitaji kuandikwa popote. Mgeni aliweza kuruhusiwa kulima muhogo, mtama au viazi, kwa sababu mazao hayo huvunwa na kwisha. Lakini hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu bila makubaliano, kwa kuwa mti ungempa haki isiyokwisha. Kupanda mti kulikuwa sawa na kusema, "Mimi nimefika, wala siondoki." Kwa upande mwingine, kuukata mti wa mtu kulikuwa kumfuta mahali pale.

Huko Pemba desturi hiyo ilisaidia kuleta maafikiano ya nusu kwa nusu. Mwenyeji alifyeka msitu na kupanda mikarafuu, na ilipokua waligawana na mwenye mtaji. Hii ni sababu mojawapo iliyowafanya Wapemba wengi kuwa na mikarafuu yao wenyewe, tofauti na Unguja, ambako mashamba makubwa yalikuwa zaidi mikononi mwa matajiri wachache.

Walimu wa sarufi wataona kwamba lugha yenyewe ina utaratibu unaokaribiana na huo. Tunasema mkarafuu na karafuu, mnazi na nazi, mwembe na embe. Mti umo katika ngeli moja na zao lake limo katika ngeli nyingine, kila kimoja na upatanisho wake. Hatudai kwamba ngeli ndizo zilizoleta desturi ya kumiliki mti mbali na ardhi. Tunasema tu kwamba mwanafunzi akiambiwa mti una bwana wake, zao lina bwana wake na udongo una bwana wake, hatapata shida kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili.

Kutoka wakaazi hadi wenye eka

Baada ya mwaka 1897 waliokuwa watumwa, pamoja na watu wengine waliotoka bara, waliendelea kuishi katika mashamba ya Unguja wakiwa wakaazi tu. Waliruhusiwa kulima chakula chini ya mikarafuu. Kwa kufanya hivyo walilipalilia shamba la tajiri, na wakati wa mavuno walichuma kwa malipo ya pishi. Lakini mti wa kudumu hawakuruhusiwa kupanda. Mtu aliweza kuzaliwa chini ya mkarafuu na kuzeeka chini yake bila kuwa na haki hata ya kuukata tawi. Uhasama wa vyama ulipopamba moto baada ya uchaguzi wa mwaka 1957, wakaazi wengi walifukuzwa mashambani. Hawakuwa na mti wa kuonyesha kama ushahidi kwamba mahali pale palikuwa pao.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliupindua utaratibu huo. Mwezi wa Machi mwaka uleule ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na kuanzia mwaka 1965 wananchi walianza kugawiwa eka tatu tatu. Jumla ya familia zilizogawiwa ilizidi 20,000. Kwa waliokuwa wakaazi, hiyo ilikuwa siku ya heshima kubwa, na neno "eka" likapata maana mpya visiwani: eka ni lile shamba ulilopewa.

Hata hivyo, aliyepewa eka hakuruhusiwa kuiuza. Na karafuu zake ilimlazimu kuziuzia shirika la serikali peke yake, kwa bei iliyopangwa na serikali, ambayo ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya soko la dunia. Wengine walivusha karafuu kwa magendo hadi pwani ya Kenya, ingawa adhabu yake ilikuwa kali mno. Wakati huohuo Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake, ilipanda mikarafuu yake mingi na kujitosheleza. Katika miaka ya 1980 bei ya dunia ikaporomoka.

Kibali cha kukata

Katika mazingira hayo ndipo tunapoweza kuielewa amri ya kutokata. Mkarafuu ni kuni nzuri na hutoa makaa mazuri. Ni mti unaochukua miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa vizuri, na unahitaji kupaliliwa na kuhudumiwa. Mkulima aliyeona kwamba karafuu za mwaka mzima hazimtoshi kununulia mchele aliutazama mti wake kwa jicho jingine. Wapo waliouacha ukasongwa na magugu, na wapo walioukata wakapanda migomba na muhogo. Makatazo yalikuwapo tangu zama za ukoloni, na serikali zilizofuata ziliyaendeleza. Lakini mikarafuu ilizidi kupungua, hasa kisiwani Unguja.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ilithibitisha kwamba ardhi ya Zanzibar ni ya umma na imewekwa chini ya dhamana ya Rais; mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Kisha ikaja Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ya usimamizi na uhifadhi wa misitu, inayodai kibali cha ukataji wa miti. Kwa kawaida mwananchi huanzia kwa sheha, ambaye anaifahamu mipaka na majirani, kisha huenda kwa maofisa wa misitu. Sheria hiyohiyo ilifungua mlango kwa wanakijiji kufanya mikataba ya kusimamia misitu iliyo karibu nao na kujitungia kanuni zao za kukata na kupumzisha msitu.

Hapa walimu wa msamiati wana jambo la kufundisha. Ruhusa, idhini na kibali si maneno yanayoweza kubadilishana kila mahali. Ruhusa yaweza kutolewa na yeyote kwa mdomo. Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka au mwenye haki. Kibali, katika matumizi ya ofisini, ni karatasi. Historia ya mkarafuu imepitia hatua zote tatu: ruhusa ya jirani, idhini ya mwenye shamba na kibali cha serikali.

Je, ni kibali kilichouokoa mkarafuu? Kwa maoni yetu, kibali peke yake hakikutosha. Serikali ilipoanza kugawa miche bure na, kuanzia mwaka 2011, ilipopandisha bei na kuahidi kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, mkulima alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuweka shoka chini. Mti usiomlisha mwenye kuutunza hauwezi kulindwa na karatasi tu.

Na sisi je?

Nchini Uganda, Katiba ya mwaka 1995 inasema ardhi ni ya raia, si ya serikali. Ni tofauti kubwa na Zanzibar. Hata hivyo, Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inampa Waziri uwezo wa kutangaza kwamba aina fulani za miti zimehifadhiwa. Mwezi wa Mei 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia biashara ya makaa katika maeneo ya kaskazini, ambako mshea na miti mingine ya asili ilikuwa ikiteketea. Katika Buganda, mwenye maili na mwenye kibanja wanaishi juu ya udongo mmoja. Nani kati yao ana haki ya kuangusha mvule uliootea hapo kabla hawajazaliwa? Na mutuba uliopandwa na babu kwa ajili ya magome ya kutengenezea nguo, je, ni wa mjukuu wake au ni wa mwenye ardhi?

Wapo watakaosema mali ya mtu ni mali yake, akitaka apande, akitaka akate. Wengine watasema kivuli, chemchemi na udongo havijui mpaka wa shamba, na kwa hiyo jirani ana neno. Kila upande una hoja. Mkasa wa wakaazi wa Unguja unatuonyesha kwamba kabla ya kuuliza kama mti ukatwe au usikatwe, ni lazima tuulize nani aliupanda, nani anauhudumia na nani anakula matunda yake. Amri isiyoyajibu maswali hayo humfanya mlinzi wa mti kuwa adui yake.

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi moja la insha. Kila mwanafunzi aende kwao, awaulize wazee na mwenyekiti wa mtaa ni miti gani hairuhusiwi kukatwa hata na mwenye ardhi, tangu lini, na kwa amri ya nani. Majibu yaletwe darasani kwa Kiswahili, pamoja na majina ya miti hiyo katika lugha za nyumbani. Idara itafurahi kupokea insha bora.