Askari Husema Lugha Gani? Kumbukumbu za Meza ya Michezo Jijini Kampala

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kupata taarifa za makongamano ya lugha: nani aliwasilisha makala gani, na ni maazimio gani yaliyopitishwa. Safari hii tunaleta kumbukumbu za mkutano wa aina nyingine kabisa. Jumamosi moja, walimu wawili na wanafunzi sita wa idara yetu tulikwenda kwenye mkutano wa wachezaji wa michezo ya mezani hapa Kampala. Tulitarajia kuona omweso, sataranji, ludo na karata za matatu, na yote tuliyaona. Wazee wa omweso walikuwa wamekaa karibu na dirisha, wakigawa empiki kwa kasi ambayo macho yetu hayakuweza kuifuata. Lakini meza iliyotushika hadi jioni ilikuwa ya vijana, nayo haikuwa na ubao wala karata. Ilikuwa meza ya mchezo wa kuigiza.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe ni huu. Watu watano au sita huketi kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi. Yeye ndiye aijuaye nchi ya hadithi, milima yake, wafalme wake na hatari zake. Kila mmoja wa wengine hujitwalia mhusika na kusema kwa kinywa cha mhusika huyo. Msimulizi hueleza kinachoonekana, wachezaji hutamka wanachofanya, na jambo likiwa na mashaka hurushwa dadu, nyingine zikiwa na pande 20. Mwisho wa siku hakuna mshindi, kuna hadithi tu. Mwalimu aliyewahi kuwaigizisha wanafunzi wake sokoni au hospitalini katika somo la mazungumzo atautambua mara moja, ila atashangaa kuona watu wakiufanya kwa saa sita bila kulazimishwa na mtu.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mkutano wa wachezaji uitwao Gen Con ulikuwa umekwisha kuanza mwaka 1968 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, wakati ambapo watu walikuwa bado wakicheza michezo ya vita. Na michezo hiyo ya vita nayo ina asili ya kambini, kwani maofisa wa jeshi la Prussia waliitumia kujifunzia mbinu za mapigano tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Tunamwomba msomaji aikumbuke nasaba hiyo, maana kambi ya jeshi itaingia tena katika makala haya kwa mlango mwingine.

Msimulizi wa meza ile alikuwa binti wa miaka kama ishirini hivi, mwenye sauti nzuri na subira nyingi. Hadithi yake ilikuwa ya msafara wa wachuuzi wa chumvi waliotoka Ziwa Katwe kuelekea mashariki. Lugha ya meza ilikuwa ile ya Kampala ya kila siku, Kiingereza kilichochanganywa na Luganda. Mganga wa kijiji alisema Luganda. Mfalme alisema Luganda ya heshima, tena nzuri. Mwanachuoni mwenye kitabu cha siri alisema Kiingereza. Kisha msafara ukafika kwenye daraja lenye ulinzi. Binti yule akakaza uso, akashusha sauti, akasema: "Wewe! Simama hapo! Kitambulisho iko wapi?"

Meza nzima ikacheka, na sisi tukacheka pia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba huyo ni askari. Baadaye walitokea wanyang'anyi porini, nao pia wakasema Kiswahili. Wakati wa chai tulimuuliza msimulizi, kwa upole, kwa nini amewagawia wahusika wake lugha namna ile. Alitutazama kama watu waliouliza kwa nini maji ni maji. "Naye mwalimu," akasema, "askari angesema lugha gani nyingine?"

Mmoja wa wanafunzi wetu, wa mwaka wa pili, alikaribishwa kuingia mchezoni baada ya chai. Alichagua kuwa mfanyabiashara wa vitabu, na kwa kuwa anajivunia somo lake, mhusika wake akasema Kiswahili sanifu, chenye upatanisho wa kisarufi usio na dosari. Wachezaji wenzake hawakumwamini. Walimpekua mizigo, wakamuuliza ametumwa na nani, na usiku ulipoingia katika hadithi wakakubaliana kumwacha njiani. Walifanya hivyo bila chuki yoyote, kwa kucheka na kutaniana. Lakini mwanafunzi wetu alirudi nyumbani kimya, nasi tukabaki na lile swali la binti mikononi.

Tukiangalia sheria tu, swali lile lisingekuwapo. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sheria hizo hazikufika mezani pale. Kilichofika ni kumbukumbu za wazazi na babu wa vijana wale, na kumbukumbu hizo zina msamiati wake ambao sisi walimu hatuufundishi, ingawa kila mkazi wa Kampala aliyefikia umri wa makamo anaujua.

Chukua neno mafuta mingi. Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, maduka yao yaligawiwa watu wengi wakiwa wanajeshi na jamaa zao, nao wakaitwa mafuta mingi. (Mwalimu wa sarufi atataka kuandika "mengi". Asahihishe daftari la mwanafunzi, lakini jina la kihistoria aliache lilivyo.) Bidhaa zilipoadimika likaja magendo, na neno hilo likawa karibu jina la uchumi wote wa miaka ile. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa wengi tangazo hilo halikutenganishika na sura ya mtangazaji. Vita vya 1979 vilileta Kiswahili kingine, cha wanajeshi wa Tanzania. Makombora yao watu waliyaita saba saba, na wenyewe, pamoja na Waganda waliopigana nao hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, wakaitwa bakombozi. Neno hilo lilianza kwa shangwe, kisha siku za uporaji zikalitia uchungu. Halafu, katika utawala wa pili wa Obote, likaja panda gari. Hayo ni maneno mawili tu ya Kiswahili, ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeyaelewa, lakini Kampala yalikuwa jina la msako. Wanajeshi walizunguka mtaa, watu wakakusanywa, wakaamriwa kupanda malori, na baadhi yao hawakurudi.

Mtu aliyesikia Kiswahili kwa mara ya kwanza katika sentensi kama hiyo hahitaji chuki ili akihusishe na mtutu. Ni haki kuongeza kwamba wapiganaji wa NRA walitumia Kiswahili msituni kati ya 1981 na 1986 kuwaunganisha watu wa lugha mbalimbali, na kwamba jeshi la leo linaendelea nacho. Lakini hata hilo, ukilitazama vizuri, linaongeza uzito upande uleule wa mizani. Ni askari tena.

Mizizi ni mirefu zaidi. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, na kikakaa pia katika polisi na magereza. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba kitumike katika elimu na utawala kwa upana zaidi, alipingwa vikali na Kabaka Daudi Chwa II pamoja na wamisionari. Tumesoma makala nyingi zinazosimulia upinzani huo kama ubaguzi wa Waganda dhidi ya Kiswahili. Sisi hatukubaliani na usimulizi huo, angalau si kwa ukamilifu wake. Miaka ileile ya mwisho wa 1920 serikali ya Uingereza ilikuwa ikichunguza uwezekano wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na masetla wa Kenya walikuwa na matumaini makubwa na muungano huo. Buganda ilikuwa na ardhi yake na bunge lake, na iliona wazi barabara hiyo inakoelekea. Kiswahili kilionekana kuwa gari la barabara hiyo. Kukataa gari kwa kuogopa safari si sawa na kulichukia gari.

Kinachotustaajabisha zaidi ni kwamba Kampala ilikuwa pia, kwa muda, makao ya watu waliokuwa wakikisanifu Kiswahili chenyewe. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilihamishia ofisi yake Makerere mwaka 1952 na kukaa hapo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya kazi yake kurithiwa na Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam. Juu ya kilima kimoja watu walijadili istilahi na tahajia. Chini yake, mkazi wa kawaida wa mji aliisikia lugha hiyo kutoka kwa polisi. Wanafunzi wa Makerere walijaribu njia nyingine kuanzia mwaka 1965, pale David Cook na wenzake walipoanzisha tamthilia ya kusafiri, iliyopeleka maigizo vijijini bila kiingilio, kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine za Uganda. Katika maigizo hayo Kiswahili kilipata wahusika wa kila namna. Miaka michache baadaye serikali ya kijeshi ikaja, na mhusika mmoja akawameza wengine wote.

Lakini huyo hakuwa mhusika wa kwanza. Hapa ndipo tungependa vijana wa meza ile watusikilize, kwa kuwa wao wenyewe waliweka hadithi yao katika zama za misafara.

Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Suuna II katika miaka ya 1840. Ahmed bin Ibrahim anatajwa kuwa hapo mwaka 1844. Mwanawe Suuna, Mutesa I, aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1884, alijifunza Kiswahili na Kiarabu. Stanley alipomtembelea mwaka 1875, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuzungumzia naye. Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878, hakuwa na kitabu cha Luganda cha kufundishia, hivyo wasomaji wa kwanza walisoma Injili kwa Kiswahili. Ushahidi uko katika Luganda yenyewe hadi leo: ekitabo, ebbaluwa, ekkalaamu. Muganda anapotaja vifaa vya kusoma na kuandika anatumia maneno yaliyopita pwani, na hayo hayakutoka kambini.

Na kati ya Stanley na Mackay yuko mtu ambaye wanafunzi wetu wengi hawajamsikia. Anaitwa Dallington Maftaa. Alikuwa kijana aliyesomeshwa na misheni ya Kianglikana Zanzibar, akaja na msafara wa Stanley, na Mutesa akaomba aachiwe. Alibaki ikuluni akimsomea mfalme Maandiko kwa Kiswahili, akiwafundisha vijana wa ikulu, na kumwandikia mfalme barua zake. Hakuwa askari wala mnyang'anyi. Alikuwa mgeni mwenye kalamu, anayesema Kiswahili sanifu cha misheni mbele ya mfalme mwenye nguvu, akizungukwa na watu wenye kila sababu ya kumpekua mizigo.

Muhula ujao darasa la mazungumzo la mwaka wa pili litatumia saa mbili kila Ijumaa kwa mchezo wa mezani. Msimulizi atakuwa binti yuleyule. Amekubali mwaliko wetu, kwa sharti kwamba askari wa daraja abaki na Kiswahili chake. Hadithi itaanzia ikuluni kwa Mutesa mwaka 1876, na nafasi ya Dallington bado iko wazi. Wanaoitaka waandikishe majina yao ofisini kabla ya wiki ya tatu, na waje na dadu kama wanazo.