Vitabu vya MTUHA na Somo la Programu za Wavuti

Kufundisha wanafunzi wa vyuo vikuu kutengeneza programu za wavuti ni kazi changa nchini Tanzania, na uchanga huo una historia yake. Kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mfumo wa hesabu za serikali uliofuata baadaye ulivurugika na kuleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo wavuti ilipoanza kuenea duniani baada ya 1991, nchi ilikuwa na walimu wachache wa somo hili na mashine chache zaidi.

Mwaka 1995 ulileta mengi kwa pamoja. PHP, JavaScript na MySQL, zana ambazo zingekuja kujaza mitaala ya vyuo, zilitoka mwaka huo, na kikoa cha .tz kikasajiliwa. Lakini intaneti iliyofika ilipitia setilaiti, na bei yake haikushikika. Kwa miaka mingi maabara za vyuo zilifundisha wavuti bila wavuti: programu zilinakiliwa kwenye sidii, kisha kwenye flashi, na kompyuta moja ikawa seva na mteja kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliunda fomu, akabonyeza kitufe cha kutuma, na taarifa zikaingia kwenye kanzidata iliyokuwa ndani ya mashine ileile. Njia hii iliokoa somo, na sifa hiyo isipuuzwe. Hata hivyo ilimficha mwanafunzi jambo kubwa kuliko yote katika kazi hii, yaani umbali kati ya anayejaza fomu na mahali taarifa zinapohifadhiwa. Kebo ya baharini ya SEACOM ilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2009, umbali huo ulipungua mijini. Nyanda za juu za kaskazini zilibaki katika hali ileile.

Wilaya ya Ngorongoro inaonyesha umbali huo vizuri. Makao yake yako upande wa Loliondo, kaskazini, wakati Endulen na vijiji vingine vya nyanda za kreta viko kusini, na wakazi wake kwa mahitaji mengi hushukia Karatu, mji wa wilaya jirani. Huduma za afya huko zilijengwa kwa sehemu kubwa na makanisa, zikiwemo hospitali za Endulen na Wasso. Tangu miaka ya 1990 vituo vyote, vya serikali na vya mashirika ya dini, vimejaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Mhudumu wa zahanati huandika kila mgonjwa katika rejista, mstari kwa mstari. Mwisho wa mwezi hujumlisha kwa mkono malaria, kuhara, chanjo na wajawazito waliohudhuria kliniki, halafu fomu ya jumla husafirishwa hadi ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Mvua ikikata barabara, fomu huchelewa, na takwimu za taifa huchelewa nayo.

Kazi hii ya makaratasi ndiyo iliyokipa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam shamba darasa lake bora la programu za wavuti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 idara yake ya kompyuta ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo katika HISP, mpango wa mifumo ya taarifa za afya uliozaliwa Afrika Kusini. Programu ya kwanza ya mpango huo, DHIS, iliwekwa katika kila kompyuta peke yake. Toleo la pili, DHIS2, lililotoka mwaka 2006, liliandikwa kwa Java na hufunguliwa kwa kivinjari, huku msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote. Wanafunzi wa Dar es Salaam hawakuishia kuitumia. Waliisoma kwa ndani, wakaandika sehemu zake, na baadhi yao wakaendelea hadi shahada za uzamili na uzamivu Oslo. Kufikia mwisho wa 2013 mfumo ulikuwa umeenea nchi nzima.

Katika fomu yake ya kuingizia takwimu kuna somo zima. Karani wa wilaya anapoandika tarakimu, kila kisanduku huhifadhiwa papo hapo bila kusubiri ukurasa mzima. Mtandao ukikatika, kivinjari huzitunza tarakimu ndani yake, na muunganisho ukirudi karani huzipeleka kwenye seva. Uwezo huo ulipata msukumo kutoka Kenya, iliyoanza kutumia seva moja ya taifa mwaka 2011 huku ofisi za wilaya zikitegemea modemu za simu. Mwanafunzi anayefuatilia msimbo huo hujifunza kupanga data kwa ajili ya mtandao unaokatika, jambo ambalo maabara ya mashine moja haikuweza kumwonyesha.

Siku hizi kijana wa Karatu au Ngorongoro anaweza kusoma fani hii Arusha, katika Chuo cha Uhasibu kilichopo Njiro, au Dodoma, ambako chuo kikuu kilichoanzishwa 2007 kina ndaki nzima ya sayansi za kompyuta. Mitaala mingi humtaka afanye mafunzo kwa vitendo na mradi wa mwaka wa mwisho. Mahitaji ya nyumbani nayo yamebadilika: tangu malipo ya serikali yaanze kupitia mfumo wa pamoja wa kielektroniki mwaka 2017, ada za kuingia Hifadhi ya Ngorongoro hulipwa kwa namba ya malipo badala ya fedha taslimu kwenye lango la Lodoare. Kampuni za utalii, lodji na halmashauri zote zinahitaji watu wa kuunganisha mifumo yao na huo wa malipo, na kuifanya iendelee kufanya kazi pale simu inapokosa mawimbi.